Swichi Iliyochoma Kidole

Kosa la kwanza lilikuwa la Inspecteur Buhendwa mwenyewe, na hakulificha. Alikuta mwanga hafifu, akazungusha kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga wa taa kwa kidole kitupu, kabla wataalamu wa alama za vidole hawajafika. Kikamchoma. Akanyonya kidole kama mutoto.

Muzee Munyakazi alikuwa kitini, kinywa wazi, nyuzi za mto zimenasa kwenye meno. Miguuni pake, sahani ya mifupa ya samaki iliyofyonzwa mpaka ikang'aa. Nzi hawakujua waanzie wapi.

Mlangoni, mlinzi Niyibizi alikuwa amekwisha kufungwa pingu kama mshukiwa. "Aubin aliingia jana jioni," alirudia. Lakini Aubin alikuwa mwana wa marehemu. Nani amsikilize mlinzi?

"Ulifika wakati gani?" Buhendwa alimuuliza Aubin.

"Sasa hivi, chef. Nilikuta giza, nikawasha, nikawaita. Kituo chenu si hapo ng'ambo ya barabara?"

"Mbona mwanga kidogo?"

"Macho ya muzee yalikuwa yananiangalia."

"Si wewe unauza swichi hizi sokoni Birere?"

"Za kisasa. Zinakatakata courant, umeme wenyewe, haraka, jicho halioni. Zinapata vuguvugu tu."

Buhendwa alizima umeme, akafungua kifuniko. Ndani, waya mnene umezungushwa. Ya zamani hii, haikati kitu. Umeme ambao taa imenyimwa, waya unaula na kuugeuza joto. Kama wakubwa fulani, alinong'ona.

Wakangoja ipoe. Akafunga, akawasha, akapunguza.

"Weka kidole, Papa Aubin."

Baridi.

"Tuketi."

Waliketi na maiti na nzi. Muda mrefu ukapita, kuliko ule wa kuvuka barabara kutoka kituoni. Kitufe kikawa vuguvugu tu.

"Mimi kilinichoma," Buhendwa alisema. "Taa iliwaka usiku mzima. Giza ulilikuta wapi?"

Aubin aliangalia sahani.

"Parcelle, kiwanja hiki na nyumba, alitaka kumpa dada yangu Clotilde, sababu ndiye anamuosha. Mimi mwana wa kwanza. Nikamufunika mto."

"Ukabaki humu?"

"Nje kulikuwa doria. Nilipunguza taa, majirani wajue amelala."

"Na samaki?"

"Ilikuwa chakula chake, chef. Ningeacha kioze?"

Buhendwa alimfungua Niyibizi kwa mkono wake mwenyewe. "Baba, unisamehe." Kisha akamfunga Aubin pingu hizo, akaguswa na vidole vyenye mafuta ya samaki, akajipangusa kwenye suruali, akajipangusa tena.

Ndoo ya maji ilikuwa imejaa, karibu na mguu wa Niyibizi. Yeye aliangalia barabarani.

"Munisaidie maji," Aubin alisema. "Ninawe tu mikono."