Kigoda cha Mzee Kefa

Obadia alianguka na pikipiki sokoni Singida mjini kwa sababu moja tu: macho yalikuwa nyuma, pikipiki ilikuwa inakwenda mbele. Nyuma alikuwepo Rahabu, muuza mafuta ya alizeti, kavaa gauni la kitenge cha njano lililombana pale panapostahili kubanwa. Kijana akatua kwa nyonga, puu, kando ya magunia ya vitunguu.

"Umeumia, kaka?"

"Mimi? Wapi!" Akainuka upesi, akajipangusa suruali, akacheka. "Nipe namba yako, nikupigie nikueleze vizuri."

Watoto wa siku hizi! Hata vumbi la sokoni halijamtoka vizuri, tayari wanabembelezana kwenye simu.

"Umekula, kipenzi?"

"Siwezi kula, nakuwaza wewe."

"Nitakuletea ugali, basi. Uniwaze umeshiba."

Ikafika siku ya kwenda kujitambulisha Ikungi. Mzee Kefa, baba yake Rahabu, akamtolea mgeni kigoda kilichochongwa na marehemu babu. Kifupi hicho, ukikikalia magoti yanakufika kidevuni. Lakini kwa mzee yule, aliyepewa kigoda kile kakubaliwa. Obadia, ndani ya suti ya bluu na jasho, akakitazama, akainama nusu, akainuka.

"Asante baba. Nitasimama tu."

"Utasimama?"

"Goti, baba."

Akasimama mpaka chai ikaisha, kama karani wa sensa. Mzee Kefa akaingia ndani, hakutoka tena.

Kesho yake Rahabu akampeleka kupiga picha ya eksirei. Obadia mwenyewe akashupalia lipigwe goti tu. Picha ikatoka safi. Jioni simu ikawaka moto.

"Goti lako zima kuliko langu! Sema tu hututaki."

"Rahabu, mama, linauma kweli. Hata ngazi..."

"Baba anasema ulikiona kigoda chetu kichafu. Usinipigie tena!"

Akakata. Halafu akampigia kumkumbusha asimpigie.

Alipomwona sokoni anachechemea, mguu umegeukia nje kama wa bata, roho ikamuuma na hasira ikapanda zaidi. Akamburura hadi hospitali kwa daktari wa mifupa, dada mkavu aitwaye Peniel.

"Daktari, nithibitishie kuwa ni mwongo niende zangu."

Daktari Peniel goti hakuligusa. Alimlaza kijana, akaushika mguu, akauzungusha taratibu, ndani, nje. Obadia akapiga yowe, foleni ya nje ikapungua.

"Ni nyonga," daktari akasema. "Nyonga ikiumia, maumivu yanaweza kushukia gotini. Mmelipiga picha goti la watu halijakosa kitu."

Picha ya nyonga ikaonyesha ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja.

"Usiukanyage mguu huu. Ufa ukiachia, hutatembea vizuri tena maisha yako yote. Tunakufunga skrubu. Ulianguka lini?"

Obadia akaangalia dari. "Siku ile. Sokoni."

"Siku ipi?" Rahabu akauliza, kisha akaelewa. "Obadia! Si ulisema hujaumia?"

"Ulikuwa unaniangalia."

"Jamani, wanaume!" Rahabu akalia huku akimpiga pochi begani. Alichagua bega, maana ndilo lililokuwa zima.

Obadia alirudi Ikungi kwa magongo. Daktari alikuwa amempiga marufuku kukalia viti vifupi. Mzee Kefa, aliyepata habari zote na kununia kila moja, alikuwa amekipeleka kigoda kwa fundi kikaungwa miguu mirefu. Mgeni akapandishwa. Akawa juu ya mashangazi, juu ya mkwewe, miguu inaning'inia.

"Baba, umeharibu kigoda cha babu," Rahabu akanong'ona.

"Nimekiharibu, ndiyo." Mzee akainua uso. "Haya, wewe uliye huko juu. Binti yangu unamtaka au humtaki? Jibu upesi, shingo inaniuma."

"Namtaka, baba."

"Shingo, baba?" Rahabu akadakia. "Hebu kwanza tukakupige picha ya nyonga."