Kifo Kwenye Nguzo ya Kuchajia Magari

Maiti ilikuwa imepiga magoti. Mkono wa kulia ulikuwa bado ndani ya nguzo ya kuchajia magari, kama wa mtu anayetafuta kitu kilichomponyoka humo.

"Ondoeni watoto," alisema Inspekta. "Wote. Asiguse mtu chochote."

Mafundi walipohakikisha kwamba nguzo haina umeme, daktari wa polisi aliinama.

"Kiganja kimeungua," akasema. "Umeme huo. Jeraha jingine silioni."

Marehemu alikuwa fundi wa nguzo hizo. Siku hizi zinaota mitaani kama uyoga, tena milangoni mwa watu, mahali watoto wanapochezea. Hii ilisimama mbele ya nyumba ya mama mkwe wake. Mkewe, mjamzito, alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara bila sauti. Mama yake alimkumbatia akilia kwa niaba ya wote wawili.

Inspekta alikwenda kwenye sanduku la swichi mwanzo wa mtaa. Swichi ya nguzo ile ilikuwa imezimwa. Kufuli la fundi lilikuwa limefungwa juu yake, na ufunguo ulikutwa mfukoni mwa maiti.

"Alizima, akafunga," alisema koplo. "Sasa umeme ulitoka wapi, afande?"

Mama mkwe akainua kichwa. "Muulizeni yule. Aliapa mbele ya watu kwamba atakayeweka nguzo karibu na mlango wake atamtambua."

Alimsonta jirani, dereva mstaafu, ambaye koplo alikuwa ameshamtia pingu kwa ajili ya kiapo hicho.

"Uliapa?" aliuliza Inspekta.

"Niliapa."

"Ulikusudia nini?"

"Kuegesha gari langu hapo mpaka wachoke. Afande, mimi nikibadilisha balbu, mke wangu hushika kiti huku anasoma dua. Leo niue mtu kwa umeme?"

"Anayeua hunyongwa."

"Najua," alisema yule mzee.

Inspekta alimgeukia mama mkwe. "Mama, naomba maji ninawe."

Ndani, taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Ukumbi wa nyuma ulikuwa na friji nne za barafu. Mama yule aliwauzia barafu wauza samaki. Pembeni palikuwa na jenereta. Inspekta aliweka kiganja juu yake, akakiondoa upesi. Ilikuwa ya moto.

"Leo umeme wa nyumba ulikatika?"

"Haukukatika, baba."

"Basi jenereta ilikuwa ya nini?"

"Ya friji."

"Friji hazitumii umeme wa nyumba?"

"Fyuzi inakata. Laini haizibebi."

"Zinatumia umeme wa nani, mama?"

Mama aligeuza macho ukutani. Inspekta alifuata waya mwenyewe. Ulitoka kwenye soketi ya friji, ukapenya ukuta, ukapita chini ya maua na kuingia nguzoni kwa nyuma. Umeme wa wizi ulikuja kwa njia hiyo. Jenereta ilipowashwa, umeme ukarudi kwa njia hiyohiyo, na kufuli kule mbali halikuwa na la kufanya.

"Ulijua kwamba unarudi?"

"Aliyeniungia aliniambia. Usiwashe jenereta kabla hujachomoa ule waya kule nje."

"Mbona hukuuchomoa?"

"Kiungo kilikuwa miguuni pa mkwe wangu." Mama alikaa sakafuni. "Asubuhi alinipigia hodi. Akaniamkia, akasema, mama, nazima nguzo, nitakawia kidogo. Ningetoka vipi nichomoe mbele yake? Angekuwa mwanangu, ningemwambia. Huyu ni mkwe. Siwezi kuitwa mwizi na mkwe."

"Ukanyamaza."

"Nikangoja amalize. Barafu ikaanza kuyeyuka, wateja wako njiani. Nikachungulia, nikamwona anafuta mikono. Nikasema ameshamaliza. Nikawasha."

"Hakuwa amemaliza."

"Nilisikia alivyoita. Nikazima."

"Kisha ukatoka nje kumsingizia jirani."

"Ndiyo."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kifo hiki kilikuwa cha mwingine.

Mlango wa ukumbi ulisogea. Binti yake alikuwa amesimama hapo, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Mama," alisema taratibu, "ungeniambia mimi. Mimi ningemwambia. Angecheka tu, angekuungia laini ya halali."

Mama alianza kujiinua sakafuni.

Koplo alifungua pingu za jirani. Yule mzee alijisugua vifundo vya mikono, akaenda kusimama karibu na binti asije akaanguka.

Mama alipotolewa nje, machela ya marehemu ilikuwa bado njiani kati ya mlango na gari la polisi. Hapakuwa na pa kupita pengine. Akavuta mtandio, akaufunika uso wote, akapita upande upande, kama alivyozoea kila alipokutana na mkwe wake.