Picha ya Kinyozi Aliyezama

Msumari ulikuwepo ukutani. Fremu ilikuwa sakafuni. Picha ndiyo haikuwepo.

Inspekta alichuchumaa katika ukumbi wa ofisi ya bandari, huku Mkuu wa bandari akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Adhuhuri wageni wangekuja kumkumbuka kinyozi mhamiaji, abiria aliyezama zamani za vita, meli ilipopigwa kombora. Miaka yote hiyo wakubwa hawakumtaja hata kwa bahati mbaya. Mwaka huu wametaka waonekane wanamkumbuka, na picha imeibwa.

"Mlango umevunjwa?"

"Haukuvunjwa."

"Ufunguo anao nani?"

Mkuu akakohoa. Kitasa kilikufa tangu mvua zilizopita, na fundi bado anasubiri sahihi yake.

Chini ya msumari palikuwa na kiti, na juu ya kiti gazeti, kisichafuke. Mwizi mwenye adabu zake. Kwenye gazeti, alama ya soli, na ndani ya alama vipande vya nywele. Inspekta akaviokota kwa kibano: nyeusi, za mvi, za kupakwa rangi.

"Mwizi ana vichwa vitatu," akasema. Mkuu akatikisa kichwa kwa uzito, kama kawaida ya wakubwa wakisikia wasichokielewa.

Inspekta akavuka barabara hadi kinyozini.

Duka lilikuwa la marehemu kinyozi, sasa analiendesha bintiye. Kuta zilijaa picha za vichwa vilivyonyolewa. Marehemu alishuka bandarini na mkoba wa nyembe, lugha hajui. Basi akatundika picha, mteja anyooshe kidole: ninyoe hivi. Lugha alijifunza kwa utani wa wateja, akamwoa msichana aliyemfulia taulo. Vita vikiwa vimepamba moto, akapanda meli kwenda kumwona mama yake mgonjwa. Hakurudi, wala maiti.

"Nimeiba mimi, afande," binti akasema kabla hajaulizwa.

Inspekta akamtazama kuanzia chini hadi juu, safari ndefu.

"Twiga wewe, kiti cha nini?"

Pazia likasogea. Akatoka kikongwe, mfupi, nywele za wateja zimeganda kwenye soli za viatu.

"Mwache mwanangu. Yeye alishika kiti tu."

"Picha iko wapi, mama?"

Ilikuwa nyuma ya mlango, uso umegeuziwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Umeiba picha ya mumeo mwenyewe?"

"Huyo mume wangu? Huyo wakala wa meli. Watu wa bandari walituma mtu achukue picha ya kinyozi hapa ukutani, akachagua aliyevaa tai." Kikongwe akashika mgongo wa kiti cha kunyolea. "Alikaa hapa hapa, akamwapia mume wangu kwamba njia ni salama, vita viko mbali. Yeye mwenyewe hakupanda. Nimemlilia mtu wangu bila kaburi, baba. Leo nimwekee maua huyu?"

"Na picha ya mzee?"

"Angepigwa saa ngapi? Alikuwa ananyoa."

Inspekta akanyoosha kidole ukutani, kama mteja. Picha ndogo waliyoitumia kukuzia ile kubwa ilikuwa imerudishwa mahali pake. Wakala yuko kitini, na nyuma yake, ndani ya kioo, mtu mwembamba na mkasi, kinywa wazi kwa kicheko.

"Na huyu?"

"Ndiye," kikongwe akasema taratibu. "Wao walimkata kwenye ile kubwa."

Mkuu alipoambiwa atundike ile ndogo, alikataa: hotuba imeshaandikwa, inausifu uso ule. Inspekta akasema sawa, basi yeye atawaeleza wageni habari za kitasa. Kamba ya kuitundikia aliitafuta Mkuu mwenyewe.

Adhuhuri picha ndogo ilikuwa msumarini. Kikongwe akakataa shughuli ianze. Akaomba kiti, binti akakishika, akapanda na kipande cha taulo nyeupe, akaufunika uso wa wakala kama wanavyofunikwa wanaongoja wembe. Ukumbi ukacheka, Inspekta akiwa wa kwanza.

"Wewe subiri hapo," kikongwe akamwambia wakala, akiweka maua chini ya yule wa ndani ya kioo. "Leo zamu ya kinyozi."