Moto Chini ya Glaida

"Kunguru amepaa."

Sauti ya mlinzi wa Ushirombo ilikwaruza kwenye simu ya upepo, ikanyamaza.

"Rudia," Silvesta alisema.

"Kunguru amepaa. Amezima injini juu ya Ushirombo. Anaelea kuja kwako."

Silvesta alitabasamu. Hakutabasamu tena siku hiyo.

Ilikuwa Septemba, mwaka 1954. Land Rover yake ilikuwa imefichwa nyuma ya jabali, pembeni mwa mbuga ya Kagongwa. Darubini shingoni. Bastola ya Webley kiunoni. Askari wake walikuwa wamelala kifudifudi kwenye mfereji mkavu, wakiliwa na sisimizi na kulaani kimyakimya.

Yeye alikuwa jasusi wa idara isiyo na kibao mlangoni. Vita vya Burma vilimkuta fundi wa injini za jeshi, vikamwacha mtu asiyeamini injini yoyote. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetakiwa kwa kazi hii.

Adui aliitwa Kapteni Drexel; Kunguru lilikuwa jina lake la simuni. Genge lake liliiba dhahabu Geita, dhahabu ikanunua bunduki, na bunduki hizo zilikuwa zimeanza kuua watu mpakani. Kila kituo cha polisi kiliambiwa kisikilize ngurumo angani. Hawakusikia kitu, maana Drexel hakutumia ndege ya kawaida. Alitumia glaida: mabawa marefu, tumbo jembamba, na injini ndogo ya kupandia tu. Akishafika juu aliizima, hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini ikambeba kimya kimya, juu ya vichwa vya serikali nzima.

Injini hiyo ndiyo iliyokuwa donda lake. Injini za glaida hutengenezwa nyepesi mno, na wepesi una gharama yake. Mara moja plagi zililowa oili, ikagoma. Mara nyingine petroli ilichemka ndani ya mrija kwa joto, ikagoma tena. Rubani mwenye akili huchagua kwanza pa kutua, ndipo ajaribu kuwasha. Drexel alikuwa na akili hiyo, mpaka alipoletewa injini mpya kutoka Ulaya. Tangu hapo alijigamba kambini kwamba inawaka kama kiberiti. Mtu akishaanza kuisifu injini mbele ya wapishi, huyo amekwisha.

Alfajiri hiyo Silvesta aliingia kambini akijifanya mnunuzi wa asali. Alitambaa chini ya turubai na kulegeza nati ya mrija wa petroli. Kidogo tu. Petroli ingetosha kuruka na kupanda, kisha nyingine yote ingechuruzika tumboni mwa glaida wakati inaelea. Drexel angefika Kagongwa, angetaka kuwasha, angekosa, angetua mbugani kwenye mikono ya askari.

Hesabu ilikuwa safi. Ila ilikuwa hesabu ya mtu mmoja.

Simu ikakwaruza tena. Safari hii alikuwa Koplo Kamili, aliyejificha karibu na kambi, na sauti yake haikuwa sawa.

"Afande, kiti cha nyuma kina mtu."

"Nani?"

"Generosa. Walimgundua jikoni. Kafungwa mikono. Mzungu anampeleka kwa wenzake wakamhoji."



Generosa alikuwa mpishi wa kambi na macho ya Silvesta ndani ya genge. Yeye mwenyewe alimtoa nyumbani kwao Bukombe, akamwapia baba yake, mzee Bartholomeo katekista: nitamrudisha mwanao. Mzee aliamini. Aliwapa na kuku wa njiani.

Akainua darubini.

Glaida ilikuwa inakuja, na ilikuwa chini. Chini mno. Watu wawili na dhahabu; na jua lilikwisha kuinama, ardhi inapoa, hewa inaacha kupanda. Kati yake na mbuga kulikuwa na vilima vya mawe, majabali makubwa na miti ya miombo imesimama katikati yake. Hapakuwa na hata pa kuegesha baiskeli.

Aliona pangaboi likizunguka mara moja. Likasimama.

Likazunguka tena. Likasimama.

"Washa, mwanaharamu," Silvesta alinong'ona, akimwombea adui yake heri. "Washa!"

Tangi lilikuwa tupu. Yeye ndiye aliyelikausha kwa ujanja wake. Ilikuwa hofu ya kweli, ambayo Burma nzima haikuwahi kumpa.

Ndipo akaliona eneo la nyasi.

Lilikuwa nyuma tu ya majabali ya mwisho, chini ya njia ya glaida, jembamba mno kwa kutua, limezungushiwa ua wa minyaa: nyasi ndefu, kavu, za rangi ya dhahabu, wakati nchi yote kuzunguka imebaki vumbi. Ng'itili. Wenyeji hulifunga eneo kama hilo tangu mvua, hakuna mnyama anayegusa, mpaka kiangazi kikaze kabisa. Hapo ndipo ng'ombe wanapopona.

Silvesta aliwahi kuwaona mwewe wakipanda juu ya moto wa nyasi bila kupiga bawa. Hewa ya moto ni hewa ya moto. Haiulizi imewashwa na nani.

Aliruka ndani ya Land Rover, akapenya kati ya majabali.

Kando ya minyaa alisimama mama mmoja mwenye fimbo ya kuchungia. Aliitwa Mbuke. Mumewe alikwisha kufa. Alibaki na ng'ombe.

"Shikamoo, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, yaani mama.

"Marahaba. Gari lisiingie humo, ng'wanone, mwanangu. Hiyo ni ng'itili."

"Najua. Naomba niichome."

Mbuke alishika fimbo kwa mikono miwili. "Uichome? Ng'ombe watakula nini mpaka mvua?"

Silvesta alinyoosha kidole angani. "Mle mna msichana. Injini imekufa. Moto utawainua wavuke mawe. Bila moto wanaanguka."

"Mwanao?"

"Si mwanangu. Wa watu. Mimi ndiye niliyemtoa kwao."

Mbuke alitazama juu, akayaona yale mabawa meupe yakishuka. Uso wake ukalegea.

"Maskini. Basi ngoja niwaite wenzangu. Kijiji kizima kinalishia hapa, siyo mali yangu peke yangu. Wapo hapo tu kwenye zile nyumba. Hawatakataa."

Hakuwa amekataa. Alitaka kuuliza wenzake tu, kama inavyopasa.

"Hakuna muda, mayu."

"Ngoja, nasema!"

Dumu la petroli lilikwisha kufunguliwa. Silvesta alikimbia akimimina, akapiga kiberiti.

Nyasi zililipuka kwa mngurumo. Moshi ulipanda mweusi, mnene. Na hapo tu, akiwa amesimama mbele ya moto wake, akakumbuka: tumbo la glaida limelowa petroli. Cheche moja ingetosha.

Alikuwa amewaua mara ya pili.

Glaida iliingia ndani ya moshi. Ikapotea.

Askari mmoja aliyemfuata alipiga ishara ya msalaba.

Kisha bawa moja likatokea, limeinama. Drexel alikuwa mwizi, lakini alikuwa rubani, alikwisha kuelewa. Alizunguka ndani ya joto lile, mzunguko baada ya mzunguko, na kila mzunguko ulikuwa juu ya ule wa kwanza. Mwewe nao walizunguka pamoja naye, wakitafuta panzi. Akanyoosha pua. Akavuka jabali la mwisho, kivuli chake kikapita juu ya Land Rover, akagusa mbuga na kuburuzika kwenye vumbi.

Silvesta alifika kabla vumbi halijatulia.

Drexel alikuwa amefungua kifuniko. Bastola yake aina ya Luger ilikuwa imegusa sikio la Generosa.

"Rudi nyuma! Nitamfyatulia!"

Silvesta aliendelea kutembea. Polepole.

"Nusa, Kapteni."

"Nini?"

"Nusa. Petroli yako yote imo chini ya kiti chako. Suruali yako imelowa. Fyatua, tuone nani ataanza kuungua."

Drexel alitazama chini. Ilitosha. Generosa aliinua mikono yake iliyofungwa akamgonga usoni kwa nguvu zake zote, pua ikavunjika, bastola ikaanguka vumbini. Askari walimaliza kazi.

Dhahabu ilikuwa chini ya kiti cha nyuma, ndani ya mifuko ya chumvi. Generosa alikaa chini akilia. Silvesta alikata kamba.

Simu ya upepo ikaita. Mkuu, kutoka Shinyanga.

"Ripoti."

"Drexel tunaye. Dhahabu tunayo. Generosa yu hai."

"Safi sana! Hasara?"

Silvesta aligeuka. Wanakijiji walikuwa wamekuja na matawi mabichi, wamechelewa. Walisimama tu.

"Ng'itili moja."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Nyasi, bwana mkuu."

"Nyasi?" Mkuu alicheka. "Basi hakuna hasara. Rudi nyumbani, bingwa."

Silvesta alizima simu. Akavaa miwani yake ya jua, akakunja mikono ya shati, akamsaidia Generosa kupanda gari. Ukimtazama kwa mbali ungesema mtu huyu hana wasiwasi duniani.

Njiani walisimamishwa na ng'ombe. Mbuke alikuwa anawavusha barabara, mbavu zao zinahesabika, kuelekea Kahama kwenye mnada. Bora kuwauza wakiwa bado wanatembea.

Generosa alitoa kichwa dirishani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanone. Ni wewe uliyekuwa juu?"

"Ndiyo, mama."

Mbuke alimshika mkono, akautazama ulivyochubuka na kamba. "Umepona. Kamsalimie baba yako."

"Shikamoo, mayu," Silvesta naye alisema.

Mbuke alimpita. Alimpiga ng'ombe wa mwisho fimbo ndogo ya mgongoni, akaendelea na safari.

Barabara ikawa wazi. Silvesta akaingiza gia, akaondoka.