Nani Anafuta Meza za Mama Povu?

Kwii! Kwii!

Wajukuu zangu wa humu mtandaoni, mlango wa kantini ya chuo nilikuwa sijaufungua, ufunguo ninao mkononi... na ndani kuna mtu anafuta meza!

Nikatega sikio.

Sauti ile naijua. Mwenzangu wa kazi, Mama Povu, akishafuta meza alikuwa anaiburuzia kidole gumba. Isipolia kwii, anarudia na sabuni.

Na Mama Povu tulishamzika!

Alifukuzwa kazi kwa sababu ya picha. Mende kwenye sahani ya maharage, kalala chali, ikasambazwa kwenye makundi yote ya wanafunzi. "Kantini chafu!" Wakacheka wee. Meneja akamtoa siku hiyohiyo. Mwenzangu akajifungia ndani, chakula hakipiti, presha ikapanda... akaenda.

Tangu tumzike, kila asubuhi nakuta meza zinang'aa. Wanafunzi wananisifu: "Bibi, siku hizi pasafi, tumeridhika!" Naitikia, huku mwili unanisisimka. Maana siyo mimi!

Siku hiyo nikajikaza. Nikafungua.

Aliyeinama mezani kavaa aproni ya Mama Povu, ile ya maua, yenye kiraka mfukoni, iliyobaki imetundikwa jikoni.

"Mama Povu?"

Akageuka... Binti wa mwaka wa pili! Kumbe huwa anapenya dirisha la kurudishia sahani.

"Bibi, usipige kelele..."

"We mtoto, nusura unipeleke kwa mwenzangu! Unatafuta nini humu?"

Akaanza kulia.

"Yule mende nilimweka mimi, Bibi, nikapiga picha. Nilimtoa bwenini. Nilitaka watu wacheke tu."

Jamani! Nilikaa chini palepale, kwenye sakafu yenye maji.

"Nifute mpaka lini ndiyo aniache? Nikifumba macho tu, namwona."

"Meza hukuzikosea, mwanangu. Kawaambie wale uliowachekesha."

Mchana, foleni imefika mlangoni, akapanda juu ya kiti akasema yote. Mende, bweni, picha. Vijiko vikatulia.

Nilidhani watamzomea. Wapi! Nyuma kabisa, sauti moja ikauliza taratibu:

"Na sisi tulioisambaza?"

Wakaweka sahani chini, tupu, wakatoka mmoja mmoja.

Wewe unayesoma, kabla hujabonyeza kusambaza, mfikirie kwanza anayechekwa.

Kantini bado ni safi, wajukuu. Ila siku hizi hakuna anayeisifu mbele yangu.