Neno Alilopewa Valerie

Foleni ya samaki kwenye supamaketi ya mtaa wa Abu Hamour, huko Uarabuni, ilinuka Ijumaa ile kiasi cha mtu kusahau njaa. Mwanamume mmoja mbele ya Valerie alipiga chafya juu ya kamba waliolazwa kwenye barafu, na wala hakuomba radhi. Valerie, muuguzi kutoka Nakuru aliyezoea kuona damu kila siku, aliziba pua. Kijana wa nyuma yake, shati lake la ulinzi limepigwa pasi likanyooka, alimpa tishu na kumwambia ni heri wakanunue kuku.

Huyo ndiye Wayne, mlinzi wa maktaba aliyemaliza zamu zake akisoma kamusi. Baada ya wiki tatu za kupigiana simu alimpa jina: Mar. Kwa Kiladino, lugha ya Wayahudi waliofukuzwa Uhispania, ni bahari, nalo limetoka Kilatini. Kwa Kiayalandi ni "kama", na pia "kwa sababu", na mzizi wake ni mwingine kabisa.

"Wewe ni bahari yangu," alimwandikia, "na ndiwe sababu yangu."

Valerie aliusoma ujumbe huo mpaka akaukariri. Kisha Chelsea, aliyekaa naye chumba kimoja mtaa wa Al Mansoura, akamwonyesha ujumbe aliotumiwa na Rodney, mlinzi aliyelala chumba kimoja na Wayne. Mar, bahari, sababu, yaleyale mpaka nukta. Valerie alichefukwa kama aliyekuta unywele wa mtu kwenye wali alioanza kuumeza. Akapiga simu.

"Umeandikia nani mwingine?"

"Wenzangu wa chumba huniomba, babe. Wao hunifulia uniform."

"Wangapi?"

"Sita."

"So mimi nimebadilishwa kwa shati safi. Wayne, unanitia kinyaa."

Na alistahili. Mwanamume anayegawa maneno ya mpenzi wake kama sabuni ya chumba hafai kuonewa huruma. Wiki mbili Valerie hakupokea simu zake. Bado alimpenda, na hilo lilimchukiza zaidi.

Ijumaa iliyofuata alimkuta kwenye foleni ileile. Shati lilikuwa limekunjamana, kola ina utando wa sabuni, kwapani madoa. Wayne alisema ameacha kuwaandikia wenzake, na chumba kizima kimemnunia. Akatoa pete mfukoni.

"Nataka kukuoa, Valerie. Sina maneno mengine."

Valerie alinusa, akarudi nyuma hatua moja. "Umelifua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Linanuka." Aliichukua pete, akaitia kwenye mkoba. "Nenda ulifue tena. Ukirudi likiwa safi, nitaivaa."