Noé Alikuja na Theluji Yake

— Bébé, uko nanisikia? Niko huku Flagey, tram zote zimesimama! Upepo, aïe, upepo iko nabeba bantu!

— Alors ingia mu café, ungoye ipite.

— Hapana! Uliniambia nini, weye? Mwanaume mwenye atapita mu tempête juu yako...

— Njo mwenye ataniowa.

— Voilà! Donc niko nakuya!

Simu ikavuma fuuu, fuuu, ikakatika. Na mimi Euphrasie, mwanamke mzima, nikaibana kifuani nikitabasamu peke yangu jikoni. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ule upepo wa Flagey ulikuwa mdomo wa Noé ukipuliza simu.

Noé mnamjua. Mkimkosa kanisani, mtamkuta kwenye picha za harusi za wengine, amesimama mbele, miwani ya jua ndani ya ukumbi, viatu vyenye ncha.

Sasa niwaambie jioni ile ilikuwa ya namna gani kwangu. Miaka yote nilikaa chumba cha nyuma kwa shangazi, Molenbeek, dirisha linatazama ukuta, na tufani za baridi nilizisikia tu. Mwaka huu nimepata kwangu, Evere, ghorofa ya pili, na balcony. Redio ilipotangaza tufani ya theluji kwa Jumamosi, wenzangu kazini walilaani, mimi nikafurahi kama mtoto. Nilitaka kuitazama nikiwa nyumbani kwangu, na chai yangu, na soksi zangu za sufu.

Frieda, bibi wa Kibelgiji ninayemhudumia, alinielekeza: viti vya balcony viingie ndani, taulo likae chini ya mlango, supu ipikwe mapema umeme usije ukaleta mchezo. Mimi nikaongeza ya kwetu: maharagwe, bugali, tangawizi. Mezani nikaweka vikombe viwili, na kando ya kikombe cha Noé nikaweka ufunguo wa pili wa nyumba yangu. Alikuwa ameshaniomba ndoa, wajomba zake walikuwa tayari kwenda kwa shangazi, kilichobaki ni mimi kusema ndiyo. Nilikuwa nimeamua kuisema jioni ile ile.

Ujumbe ukaingia: “Bébé neige iko naanguka sana sana, sioni hata mikono yangu. Uniombee.”

Nikachungulia nje. Taa za barabarani zinawaka, upepo unasukuma pipa la takataka, lami kavu. Hata chembe moja ya theluji. Nikajisemea, Flagey ni mbali, upande mwingine wa jiji, huenda imeanzia huko. Moyo ukipenda unajifanyia kazi ya uwakili bila malipo.

Mlango ukagongwa. Si kengele ya chini, mlango wangu wenyewe. Nikafungua, na huyo hapo, theluji kichwani, theluji mabegani, meno yanagongana.

— Nimefika! Angalia mwanaume wako!

— Mungu wangu, Noé! Umetembea?

— Toka Flagey! Kwa miguu! Hapa chini ku mulango, neige inafika ku magoti!

— Hapa chini?

— Hapa hapa! Nimeanguka, nimeamuka, nimeanguka tena!

Nikatazama viatu. Vikavu, vinang'aa. Nikasogea nimkumbatie, na hapo pua ikanishtua. Samaki. Tomsoni wa barafu, wala sikuwa na shaka.

Katika jengo letu harufu ile ina mwenyewe. Anaitwa Gracieuse, anakaa chini kabisa, dada yangu wa kundi la sala. Ana friza kubwa koridoni, anauza tomsoni na sombe, yale majani ya muhogo. Ndiye aliyenisaidia kubeba kitanda siku nahamia. Ndiye niliyemweleza yote ya Noé, akanishika mikono na kusema Mungu asifiwe.

Nikamwondolea Noé bonge moja begani. Katikati yake palikuwa na jani la sombe lililosagwa.

— Noé. Neige ya Flagey inaota sombe?

— Hein?

— Kuya ku dirisha.

— Bébé, nipe chai kwanza, niko nakufa na baridi...

— Kuya, nimesema.

Nikavuta pazia. Mzee mmoja alikuwa akitembeza mbwa, bila hata kofia, juu ya lami kavu. Noé akatazama barabara, akatazama mabega yake, akatazama barabara tena.

— Iko wapi ile ya magoti?

— Iko... imeyeyuka.

— Na baridi hii?

— Réchauffement climatique, bébé. Dunia iko napata moto.

Nilitaka kulia, kicheko kikawahi. Jamani! Mtu ameshinda kwa mwanamke mwingine, ngazi mbili chini yangu, madirisha yamefungwa, amekula ameshiba, redio imemwambia theluji itaanguka jioni naye akaamini. Akakwangua barafu ya friza, akajipaka, akapanda. Mwongo alikuwa na kazi moja tu ya kufanya, kuchungulia nje, na hiyo pia ikamshinda.

Nikampigia Gracieuse, sauti ya simu nikaiweka juu.

— Allô, ma sœur, neige imeanza huko chini?

— Eeh, maman! Mingi! Nimeshusha volets zote, sitaki hata kuiona.

— Noé amefika.

— Maskini! Kwa miguu toka Flagey!

— Nani alikuambia ni Flagey?

Tukasikia friza ikinguruma.

— Ma sœur, pandisha volet moja, uangalie inje. Niko nangoya.

Chuma cha kufunika dirisha kikapanda, krrr. Kisha simu ikakatwa.

— Euphrasie, ile ni shetani tu, alisema Noé.

— Shetani njo anauzisha tomsoni?

— Tulikuwa naomba! Prière!

— Prière na volets chini?

— Lakini nilikuwa nakuya kwako! Nimepanda escalier yote juu yako!

— Escalier mbili. Vraiment, pole na safari.

— Utaacha mwanaume juu ya barafu kidogo?

Hapo kicheko kikaniisha.

— Nimeshinda ku hii dirisha nakungoya, Noé. Nilikuwa na woga utakufa mu njia. Na weye ukaona huyu mwanamuke ni mujinga, barafu ya samaki itamutosha. Njo kitu yenye inaniuma. Toka.

Macho yake yakaangukia mezani.

— Ile ufunguo... ilikuwa ya nani?

— Ya muntu mwenye anatoka Flagey. Ukimuona, umwambie chai iko tayari.

Nikautia ufunguo mfukoni, nikafungua mlango. Nilimsikia akigonga kule chini.

— Gracieuse, fungua, ni mimi!

— Enda kule! Umeniharibia jina mu kundi!

— Nilivaa neige yako!

— Ukaivaa vibaya!

Mlango mkubwa wa jengo ukabamizwa. Na haukupita hata muda wa kupakua maharagwe, ikaanza. Kwanza chembe chache chini ya taa, zikizunguka bila haraka, kisha mbingu yote ikashuka kwa upepo, magari yakapotea, miti ikapotea, madirisha yakatetemeka na taulo la Frieda likazuia baridi mlangoni. Nikaburuta kiti hadi kwenye kioo, nikala bugali wangu wa moto nikiitazama. Nililia kidogo, siwafichi. Lakini nilikuwa kwangu, miguu ina joto, na sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Simu ikalia. “Euphrasie, neige imeanza ya kweli. Bus ayiko, tram ayiko. Viatu vimejaa maji. Nihurumie, fungua.”

Nikaandika: “Siamini. Tuma picha.”

Ikaja. Noé kwenye kituo cha basi, theluji kichwani, theluji mabegani, midomo imebadilika rangi. Nikaikuza, nikakagua begani taratibu. Hakuna sombe. Safari hii alikuwa amesema kweli.

Nikajimiminia chai nyingine, kwenye kikombe chake.